Kidonge changu na tumbo la jicho

Kama ulikulia Tanzania kabla miaka ya tisini haijaisha, huenda ngozi yako bado inaikumbuka klorokwini. Sisemi uchungu wake, ule uliobaki kooni hata ukimeza kwa uji wa sukari. Nasema kuwashwa. Unameza jioni, usiku wa manane unakuna nyayo kwenye ukingo wa kitanda na kusugua mgongo ukutani kama ng'ombe mwenye kupe. Mama alinikanda kwa kitambaa cha maji baridi huku akinisimanga: "Malaria inaua, muwasho hauui. Lala." Mwaka 2001 klorokwini iliondolewa kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Ikaja dawa nyingine, SP, na kufikia mwishoni mwa 2006 dawa mseto. Nikajua nimeachana nayo.

Imenirudia na jina refu zaidi, haidroksiklorokwini. Naimeza kila usiku baada ya chakula, hapa kwangu Nkuhungu, Dodoma, na safari hii hainiwashi. Sina malaria. Nina lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Kwangu ilianzia vidoleni. Asubuhi vilivimba mpaka nikashindwa kushika chaki, na mwalimu wa baiolojia asiyeweza kuchora ubaoni anabaki kupiga hadithi. Dawa ilinirudishia vidole. Siisemi vibaya, na lolote nitakaloandika hapa chini lisimfanye mtu yeyote aache dozi yake.

Ila ilichukua miaka sita kabla mtu hajaniuliza swali la maana. Aliyeuliza ni daktari wa macho, nilipokwenda kutafuta miwani ya kusomea.

"Mwalimu, unatumia dawa yoyote?"

Nikamtajia. Akaweka kalamu chini.

"Macho ulipimwa lini tangu uanze?"

Sikuwahi. Kule nilikoanzia waliniandikia vidonge viwili vya miligramu 200 kila siku, nikapewa karatasi, nikaenda dirisha la dawa. Hakuna aliyenipandisha kwenye mzani. Nina kilo 62. Kiwango kinachoshauriwa ni kisichozidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani 310 kwa mtu kama mimi, na nilikuwa nameza 400. Hesabu ya darasa la nne.

Nilimuuliza dawa ya viungo inahusiana vipi na jicho. Akasema, "Inakaa kwenye retina, inachosha seli." Nje foleni ilikuwa imefika mlangoni, sikumlaumu. Nilipompigia mama kijijini, huko Bahi, yeye aliuliza swali moja: "Ni mtoto wa jicho?" Kwetu magonjwa ya macho yanajulikana ni mtoto wa jicho, presha ya macho na vikope. Kwa vikope mkoa wetu una historia ndefu. Watafiti wameshinda kwenye vijiji vya Kongwa tangu miaka ya 1980, na ni huko ndiko ilikopimwa kama kuwanawisha watoto uso kunapunguza vikope vikali, na kweli kunapunguza. Lakini vikope ni mambo ya mbele, kope na kioo cha jicho. Mimi nilikuwa nimeambiwa habari za nyuma, mahali ambapo ukiniuliza mwaka jana ningekujibu kama kitabu cha kidato: retina ni tabaka linalopokea taswira, mwisho wa jibu, alama mbili.

Tunaifundisha retina kama shuka la sinema, kitu kilichotandikwa kikatulia kusubiri mwanga. Ni kosa, na nimelifanya kwa miaka kumi na mitano. Retina ni kiwanda, tena cha zamu tatu. Kwa uzito wake ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazotumia oksijeni nyingi kuliko zote. Ina zaidi ya seli milioni 90 zenye umbo la fimbo, zinazotuwezesha kuona gizani, na milioni chache za umbo la koni, za rangi na za kusomea maandishi madogo. Kila fimbo imejaza kwenye ncha yake visahani kama elfu moja, vimepangana kama chapati ndani ya hotpoti. Visahani hivyo ndivyo vinavyonasa mwanga. Na mwanga ukichanganyika na oksijeni nyingi na mafuta mengi ya kwenye utando, vitu vinaungua. Mama ntilie yeyote anajua mafuta yanayokaa juani yanavyochacha.

Kwa hiyo fimbo hazingoji kuchacha. Kila siku chapati mpya zinaongezwa chini ya rundo, na za juu kabisa, zilizokaa zaidi, zinabanduliwa. Karibu sehemu moja ya kumi kila siku. Siku kumi hivi, rundo zima ni jipya. Aliyeonyesha hili ni Richard Young, huko California, miaka ya 1960. Aliwapa wanyama chembe za protini zenye mionzi, akaona mstari wa alama ukizaliwa chini ya rundo, ukapanda siku baada ya siku hadi kileleni, ukatoweka. Ulikwenda wapi? Mwaka 1969 yeye na Dean Bok walipata jibu. Ulimezwa na jirani.

Jirani huyo ndiye niliyeanza kumfikiria usiku. Nyuma ya fimbo na koni kuna safu moja tu ya seli nyeusi zenye rangi ileile ya ngozi yetu, melanini. Nitaziita seli za rangi. Kila moja inahudumia makumi ya fimbo, inakula visahani vyao vilivyobanduliwa, inavisaga, inarudisha kinachofaa. Na ukishakuwa mtu mzima, kwa kawaida hazigawanyiki tena. Seli ya ngozi ikichakaa inakuja nyingine; hii ikifa, pengo halijazwi na mpya. Nina miaka 41. Seli zangu za rangi zimekula kifungua kinywa kama mara 15,000, na ni zilezile.

Na ni kifungua kinywa kweli. Kwa panya, mwaka 1976, ilionekana kwamba fimbo hubandua visahani vyao kwa wingi muda mfupi baada ya mwanga wa asubuhi, na hata panya wakiwekwa gizani mfululizo wanaendelea kufuata saa hiyohiyo. Tangu nisome hilo, alfajiri ya Dodoma haipiti bila kunikumbusha. Huku mimi natafuta kiberiti cha kuwashia jiko, nyuma ya macho mezani kumejaa.

Sasa, seli inasaga kwa kutumia nini? Ina matumbo madogo, vifuko vyenye asidi na vimeng'enya, vinaitwa lisosomu. Christian de Duve, Mbelgiji, alivitambulisha mwaka 1955, na mwaka 1963 akatunga jina la jambo ambalo wenzake walikuwa wameanza kuliona kwa hadubini: seli kujila sehemu zake. Otofajia. Ndani ya seli kunatokea kipande cha utando, kinajikunja kama kiganja kinachochota maji, kinazunguka kitu kilichochakaa, labda mitokondria, kinu cha nishati cha seli, iliyoanza kuvuja, kinajifunga kuwa kifuko, kinaungana na lisosomu. Asidi inafanya yake. Vinavyotoka ni vipande vidogo vya kujengea upya.

Kijana mmoja wa kidato cha nne aliniuliza, "Madam, kama seli inajila, mbona haijimalizi?" Darasa likacheka, mimi sikucheka. Nilimjibu kwa matofali: ukibomoa kibanda ukajengea choo matofali yaleyale, hujapoteza matofali. Akasema, "Lakini ukibomoa bila kujenga?" Huyo atafika mbali.

Aliyetuonyesha namna kazi hii inavyoendeshwa ni Yoshinori Ohsumi wa Japani, na alitumia hamira. Ndiyo, hamira, ndugu wa ile inayoumua maandazi na kuchachusha zabibu zetu kuwa mvinyo. Tatizo lilikuwa kwamba vifuko vya otofajia vinasagwa haraka mno, huwezi kuviona. Akachukua hamira isiyo na vimeng'enya vya kusaga, akainyima chakula, akasubiri saa chache. Vifuko vikaingia tumboni visisagike, vikarundikana, vikawa vinacheza ndani kiasi cha kuonekana kwa hadubini ya kawaida. Kwa njia hiyo akawinda jeni zinazohusika moja baada ya nyingine, na mwaka 2016 akapewa Tuzo ya Nobeli. Ukumbuke hila yake: zuia kusaga, taka zitajionyesha.

Kwenye seli za rangi mambo yana nyongeza kidogo. Kisahani kinachotoka nje ya seli si sehemu ya seli yenyewe, kwa hiyo kwa usahihi kukila si otofajia. Lakini seli imeazima baadhi ya vyombo vilevile kwa kazi hiyo. Mwaka 2013 watafiti walimwondolea panya jeni moja ya otofajia, Atg5, kwenye seli za rangi pekee. Visahani vikakawia kusagika, na macho yakapunguza kuitikia mwanga, kwa sababu vitamini A iliyomo kwenye mlo ule ndiyo inayorudishwa kwa fimbo ili zione tena. Ukimnyima jirani kula, na wewe unalala njaa. Wagogo hawahitaji kuelezwa hili.

Na kwa kuwa nimewataja Wagogo, acha nieleze upande wa jeni kwa njia ninayoijua, maana vitabu vinaueleza kwa mishale na herufi kubwa mpaka mtu anasinzia.

Ghala la mama likijaa, nyumba ina sheria zake: uwele mwingine unakwenda kwenye pombe, mahari zinajadiliwa, mtu anaezeka upya. Mvua ikikata Januari, kabla hata majani hayajasinyaa, mama anabadilika. Pombe inakoma. Mbegu inafungwa inawekwa juu. Mbuzi wawili wanauzwa mapema, bei haijaanguka. Mlenda mkavu na matembele makavu yanatoka yalikofichwa. Haitishi mkutano. Aliangalia ghala, basi.

Ndani ya seli mwangalizi wa ghala ni protini inayoitwa mTOR, na kinachonifurahisha ni mahali inapokaa: juu ya ukuta wa lisosomu, pale pale tumboni. Vipande vya kujengea vikiwa tele, mTOR inaamrisha ujenzi, na wakati huohuo inamfunga mjumbe mmoja, TFEB, asiingie kwenye kiini ambako jeni zimehifadhiwa. Vikipungua, mTOR inanyamaza, TFEB anafunguliwa, anaingia kiinini na kuwasha jeni kundi zima kwa mpigo: za kutengeneza lisosomu zaidi, za pampu za asidi, za vimeng'enya, za otofajia yenyewe. Kikundi cha Naples, Italia, kiligundua mwaka 2009 kwamba jeni hizo zina alama moja fupi ya herufi zinazofanana, kama nyumba za ukoo mmoja zilizopakwa rangi moja mlangoni. Mjumbe hahitaji kuulizia.

Kuna mjumbe wa pili, NRF2, wa moto na moshi. Siku za kawaida analindwa na askari aitwaye KEAP1, anayehakikisha NRF2 anaharibiwa kila anapotengenezwa. Ajabu ya matumizi hayo: kutengeneza mtu kila dakika ili umuue. Lakini ndiyo faida yake, akihitajika yupo tayari. Oksijeni kali ikizidi, inamharibu askari; NRF2 anatoroka, anaingia kiinini, anawasha jeni za vizimamoto vya seli. Na hapa ndipo niliposimama nikazunguka chumba. Kuna protini nyingine, p62, ambayo kazi yake ni kushika taka na kuzipeleka kwenye kifuko cha otofajia. Taka zikirundikana, p62 nayo inaongezeka, na inamshika KEAP1 na kumpeleka kutupwa pamoja na uchafu. Kwa maneno mengine, taka zenyewe zinapiga yowe, na yowe linafika kiinini.

Msukosuko mdogo basi unaiamsha seli. Hili limepata wafanyabiashara. Kila mwezi kuna ujumbe wa WhatsApp unanijia: funga saa kumi na sita, macho yatajisafisha, tupa miwani. Unamtaja Ohsumi kwa jina na kuambatanisha picha ya karoti. Ohsumi alifanya kazi na hamira, jamani. Kwamba seli yenye njaa inajila ni kweli. Kwamba mwanamke wa kilo 62 mwenye lupasi akiruka chakula cha mchana atarudishiwa retina, huo ni mruko mkubwa kuliko wa chura. Nimeacha kujibu, naufuta.

Tena kuna msukosuko usio mdogo. Huku Ugogo wazee wanaitaja Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipokuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakataa. Wanawake wa wakati ule walijua kufunga mbegu na kukausha mboga kama mama, na zaidi. Hapakuwa na cha kufunga. Seli nayo ina mpaka wake. Kadiri umri unavyokwenda, seli za rangi zinabaki na masalia ya rangi ya manjano-kahawia yasiyosagika, yanajaa ndani yake, tumbo linapoteza nguvu za asidi, mitokondria mbovu zinabaki zikifuka. Katika ugonjwa wa uzee wa makula, ile sehemu ya katikati tunayosomea, ni seli hizi za rangi zinazoelemewa, na fimbo na koni zinazozitegemea zinafuata.

Nirudi kwenye kidonge.

Klorokwini na ndugu yake ni besi dhaifu, yaani kemikali inayopunguza ukali wa asidi. Kabla haijapata asidi inapenya utando wowote kama mgeni asiyebisha hodi. Ikiingia ndani ya lisosomu, asidi inaipa chaji, na ikishapata chaji haiwezi kutoka. Inakusanyika. Asidi inapungua ukali, tumbo linavimba, vifuko vya otofajia vinashindwa kuungana nalo. Kwenye maabara, mtafiti akitaka kupima otofajia, anamwagia seli zake klorokwini ili kusaga kukome na vifuko vihesabike. Ni hila ya Ohsumi kwa njia ya kemikali. Nilisoma sentensi hiyo saa nne usiku, sahani ya ugali bado mezani, kidonge mkononi.

Ni kidonge hichohicho kimesimamisha matumbo matatu. La kwanza la kimelea wa malaria, ambaye hula damu yetu na kuhifadhi sumu ya mlo wake kwa kuigandisha; klorokwini iliingia kwenye tumbo lake na kuzuia kugandisha, akafa kwa chakula chake mwenyewe. La pili la seli zangu za kinga, ambazo husaga vipande vya mwili wangu na kuvionyesha kwa wenzao kama ushahidi wa adui. Tumbo likilegea, ushahidi unapungua, vidole vyangu vinashika chaki. La tatu sikuliomba. Dawa hii inapenda melanini, inaing'ang'ania, na seli za rangi zimejaa melanini. Hukaa hapo muda mrefu, ndiyo maana madhara yakishaanza yanaweza kuendelea hata baada ya kuacha, na yakishatokea hayarudi nyuma.

Takwimu hazitishi kama hadithi. Kwa anayekunywa kiwango sahihi, hatari ni chini ya asilimia 1 katika miaka mitano ya mwanzo na chini ya asilimia 2 kufikia kumi. Inafika karibu asilimia 20 baada ya miaka ishirini. Figo zikiwa na kasoro, au dozi ikizidi, inapanda. Ushauri ni kupimwa mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka baada ya mitano. Kilichoniudhi si dawa, ni ule mzani uliokuwa kona ya chumba na hakuna aliyeugusa.

Nilipimwa mwezi uliopita. Kipimo cha kwanza ni cha subira: unaweka kidevu, unakodolea nukta moja, kila kimulimuli kikitokea pembeni unabonyeza kitufe. Dakika ya tano nikaanza kubonyeza kwa huruma. "Mwalimu, unabonyeza na visivyokuwepo," fundi akasema, tukaanza upya. Cha pili ni picha. Retina inaonekana imekatwa ubavuni, matabaka juu ya matabaka, kama ukuta wa korongo baada ya mvua kubwa kupita. Chini kabisa kuna mstari mweupe, mwembamba. Daktari akaufuatisha kwa ncha ya kalamu kutoka kushoto hadi kulia, polepole, bila kusema kitu, mpaka nikasahau kupumua.

"Haujakatika," akasema.

Akaniandikia vipya: kidonge kimoja leo, viwili kesho. Wastani miligramu 300. Nimeandika 1 na 2 kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, jirani akadhani ni zamu za maji.

Jioni nikampigia mama. Nikamwambia si mtoto wa jicho. Nikajaribu kumweleza zile seli za nyuma, kwamba kila asubuhi zinakula chapati zilizochakaa za seli za mbele, na dawa yangu inazivimbisha tumbo, ndiyo maana nimepunguziwa. Akanyamaza kidogo.

"Na hizo chapati mpya, anazikanda nani?"

"Wale wa mbele wenyewe, mama. Kila siku."

"Mm," akasema, kisha akaniuliza kama mvua imeanza mjini.